Udongo Unaopokea Saratani



Naanza na jambo ambalo kila daktari wa saratani analijua, lakini wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa waziwazi. Mwanamke mwenye saratani ya titi hauawi na titi. Titi linaweza kuondolewa na mtu akaishi miaka mingi. Kinachomuua ni seli zilizotoka kwenye titi zikahamia kwenye ini, mapafu, ubongo au mifupa, zikastawi huko na kuharibu kazi za viungo hivyo. Hali ni hiyohiyo kwa saratani ya utumbo mpana, ya tezi dume na nyingine nyingi zinazoanza kama uvimbe: sehemu kubwa ya vifo hutokana na kusambaa. Basi anayetaka kuielewa saratani lazima aulize kwa nini inasambaa, na kwa nini inakwenda hapa na kupaacha pale.

Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa ndani ya seli ya saratani yenyewe: vinasaba vyake vilivyoharibika, kasi yake ya kugawanyika, ukaidi wake. Hayo yote ni kweli na yanahitaji kuchunguzwa. Lakini nimekuja kuwaeleza kwamba seli hiyo, pamoja na ubaya wake wote, haifiki mbali bila msaada. Inasaidiwa na seli zetu zenye afya, mishipa yetu ya damu, kinga yetu ya mwili, hata mifupa yetu. Na mara nyingi inazuiwa na vitu hivyohivyo.

Mtu wa kwanza kulionyesha hili kwa hesabu alikuwa mpasuaji wa London, Stephen Paget, katika makala aliyoichapisha mwaka 1889 kwenye jarida la Lancet. Paget alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akatazama maiti zao zilikutwa na saratani katika viungo gani vingine. Kwenye ini aliikuta kwa wanawake 241. Kwenye wengu aliikuta kwa 17 tu. Wengu nao unapata damu nyingi kupitia mshipa mnene, na usaha unaosafiri kwenye damu kutoka kwenye kidonda kilichooza huuachia majipu mara nyingi. Kama seli za saratani zingekuwa zinabebwa na damu na kutupwa popote, wengu usingesalimika namna ile. Paget akasema seli hizo ni kama mbegu za mmea: upepo huzipeleka pande zote, lakini zinaota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Alilalamika pia kwamba wenzake walikuwa wameshughulika mno na mbegu wakausahau udongo. Lalamiko hilo lilikaa karibu miaka 90 bila kupata wasikilizaji wa kutosha.

Sababu mojawapo ni kwamba kulikuwa na maelezo mengine yaliyoonekana mepesi zaidi. James Ewing wa New York, aliyekuwa na sauti kubwa katika elimu ya saratani miaka ya 1920, alishikilia kwamba kila kitu kinaelezwa na njia za damu na limfu. Seli inabebwa, inakwama kwenye mshipa mwembamba wa kwanza inaoukuta, inakua hapo. Kwa sehemu alikuwa sahihi. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, na ndiyo maana saratani ya utumbo mpana hupenda kutokea kwenye ini. Tezi za mtoki zilizo kwapani huvimba kwanza kwa sababu limfu ya titi inapita huko.

Jaribio lililoamua shauri hili kati ya udongo wa Paget na njia za Ewing lilifanywa na Isaiah Fidler na Ian Hart, likachapishwa mwaka 1980. Walichukua panya, wakawapandikizia vipande vidogo vya pafu, vya ovari na vya figo katika sehemu za mwili ambazo si makazi ya viungo hivyo. Kisha wakawachoma sindano ya seli za melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Walizitia seli hizo alama ya mionzi ili wajue zimefika wapi. Seli zilifika kwenye vipande vyote, vya figo pia. Lakini uvimbe ulimea kwenye vipande vya pafu na vya ovari, na kwenye figo haukumea. Njia ilikuwa moja na wasafiri walikuwa walewale. Kilichotofautiana ni mapokezi. Fidler alikuwa ameshaonyesha kabla ya hapo kwamba hata kwenye mnyama mwenye saratani inayosambaa sana, seli zinazoingia kwenye damu hufa karibu zote ndani ya siku moja. Zinazobaki hai na kuzaa uvimbe mpya ni chache mno, chini ya asilimia 1. Kusambaa ni kazi ngumu kwa seli ya saratani. Tukilifahamu hilo vizuri, namna yetu ya kuuogopa ugonjwa huu inabadilika, kwa sababu kila mahali inaposhindwa pana kitu kinachoishinda, na kitu hicho kinaweza kutafutwa na kutiwa nguvu.

Sasa huo udongo ni nini hasa? Mkikata kipande cha uvimbe wa titi na kukitazama kwa darubini, hamtaona seli za saratani tupu. Mtaona nyuzi za protini iitwayo kolajeni zimejisokota kwa wingi. Mtaona seli ndefu nyembamba, fibroblasti, ambazo kazi yake ya kila siku ni kufuma nyuzi hizo na kuziba majeraha. Mtaona mishipa ya damu iliyopindapinda na kuvuja, na chembechembe nyeupe za damu za kila aina. Katika saratani ya kongosho, seli za saratani zenyewe zinaweza kuwa sehemu ndogo kabisa ya uvimbe. Kinachobaki ni tishu ya mwenye mwili. Ule ugumu ambao mwanamke anauhisi kwa kidole anapojichunguza titi, kwa sehemu kubwa ni ugumu wa nyuzi hizo. Na ugumu wenyewe una madhara. Mwaka 2005 Valerie Weaver na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba seli za titi zilizokuzwa kwenye jeli laini hujipanga vizuri kwa duara kama zinavyojipanga mwilini. Ukiikaza jeli ileile mpaka ikafanana na ugumu wa uvimbe, zinapoteza mpangilio na kuanza kuenenda kama seli za saratani. Hakuna aliyevigusa vinasaba vyake.

Mishipa ya damu nayo ina historia yake. Judah Folkman wa Boston aliandika mwaka 1971 kwamba uvimbe hauwezi kuzidi ukubwa wa milimita chache bila kujiitia mishipa mipya ya kuulisha, na kwamba tukiizuia mishipa tutauzuia uvimbe. Alibishwa sana. Dawa ya kwanza iliyojengwa juu ya fikra yake, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Imewasaidia wagonjwa, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu uvimbe unaokosa oksijeni haukubali kufa kirahisi: seli zake hubadili tabia na nyingine hutafuta njia ya kutoka.

Naomba sasa tukae kidogo kwenye habari ya kuku, maana inatupeleka kwenye swali ambalo najua wengi wenu mnalo moyoni.

Mwaka 1911 Peyton Rous alitangaza kwamba amepata kirusi kinachowapa kuku saratani. Alisubiri hadi 1966 kupewa Tuzo ya Nobel. Kirusi hicho kimebeba kinasaba chenye nguvu kubwa. Ukikitia kwenye seli za kuku zilizo kwenye sahani ya maabara, zinageuka kuwa za saratani upesi mno. Kwa hiyo watu wakaamini kwamba kinasaba kimoja kinatosha. Miaka ya 1980 Mina Bissell, mwanasayansi mzaliwa wa Iran aliyekuwa akifanya kazi Berkeley, California, pamoja na David Dolberg, wakakitia kirusi kilekile kwenye kiinitete cha kuku ndani ya yai. Kirusi kikaingia kwenye seli, kinasaba kikafanya kazi, na uvimbe haukutokea. Kiinitete kikaendelea kukua. Walipozitoa seli zilezile na kuziweka kwenye sahani, zikageuka. Maana yake ni kwamba tishu iliyopangika vizuri ilikuwa inazishika mkono zisipotoke, wakati ubaya ulikuwa tayari umo ndani yao.

Wakafuata na kifaranga aliyeanguliwa. Ukimchoma kirusi kwenye bawa moja, uvimbe unatokea hapo ulipochoma. Kirusi kinazunguka kwenye damu mwili mzima, lakini kwingine hakuna uvimbe. Wakamjeruhi kwenye bawa la pili, ambalo halikuchomwa kirusi, na uvimbe ukatokea kwenye jeraha. Baadaye kikundi hicho kilionyesha kwamba hata jeraha si lazima: inatosha kuweka mahali pale protini ambayo mwili huitoa unapoponya jeraha. Mwaka 1986 Harold Dvorak, mwanapatholojia wa Boston, alikuwa amekwisha kuandika kwamba uvimbe wa saratani ni jeraha lisilopona. Mwili unauona kama mahali palipokatika. Unaleta fibroblasti zifume, unaleta mishipa mipya, unaleta makrofaji, aina ya chembechembe nyeupe za damu, zisafishe, na kila kinacholetwa kwa nia ya kuponya kinatumiwa na uvimbe.

Mtaona ninakoelekea. Katika familia zetu kuna imani iliyoenea kwamba uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Nimewasikia watu wenye akili timamu na wenye elimu wakimkataza dada yao asikubali kuchukuliwa kinyama cha kupima, kwa kuogopa kuuamsha. Sipendi namna madaktari wengine wanavyowajibu watu hao kwa ukali, kana kwamba wamesema jambo la kipuuzi. Mnastahili jibu kamili.

Jibu ni hili. Kwanza, imani hiyo imezaliwa na kile watu wanachokiona: mgonjwa amekuja akiwa na uvimbe wa mwaka mzima au miwili, amefanyiwa upasuaji, na baada ya miezi michache saratani imeonekana kwenye ini. Familia inakumbuka kisu. Lakini seli zilizo kwenye ini zilifika huko kabla ya kisu, zikiwa ndogo zisizoonekana na kipimo chochote. Pili, sindano au kisu cha kuchukua kinyama kupandikiza saratani njiani ni jambo linalojulikana, nalo ni nadra. Wapasuaji wanalijua, na kwa aina za uvimbe ambapo hatari hiyo ipo hupanga njia ya sindano ili iondolewe pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Tatu, bila kinyama hicho hakuna anayeweza kujua ni saratani au si saratani, ni ya aina gani, na dawa ipi inaifaa. Mwenye kukataa kipimo anauacha uvimbe ukijiandalia udongo siku hadi siku.

Lipo na la nne, na sitalificha, kwa kuwa ni sehemu ya elimu tunayoizungumza. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliokuwa na seli za saratani zilizodhibitiwa na kinga ya mwili, wakipata jeraha la upasuaji mahali pengine kabisa, baadhi ya seli hizo ziliponyoka na kukua. Mwitikio wa mwili kwa jeraha ulikuwa umeivuruga kinga kwa muda. Walipowapa panya hao dawa ya kupunguza mwako wa jeraha, madhara yalipungua. Hayo ni matokeo ya panya, na kwa binadamu utafiti unaendelea kuhusu namna ya kutuliza mwako huo siku za upasuaji. Hayabadilishi ukweli kwamba kuuondoa uvimbe mapema, ukiwa haujasambaa, ndiyo tiba iliyoponya watu wengi kuliko tiba nyingine yoyote ya saratani za aina hii. Tunachojifunza ni kwamba siku za kuzunguka upasuaji ni siku za kuangaliwa kwa makini, na kwamba mgonjwa asiachwe akae wiki nyingi bila tiba iliyopangwa kufuata.

Turudi kwenye safari ya seli. John Condeelis na Jeffrey Pollard, wakifanya kazi New York, walitumia darubini zinazoweza kutazama ndani ya uvimbe wa panya aliye hai. Waliona seli za saratani zikitembea sambamba na makrofaji. Seli ya saratani inatoa protini inayoivuta makrofaji; makrofaji nayo inatoa protini inayoivuta seli ya saratani; zinafuatana hivyo kwenye nyuzi za kolajeni hadi ukutani mwa mshipa wa damu, na makrofaji iliyokaa pale inausaidia ukuta kufunguka. Askari wa mwili anafungua mlango. Lakini tusizihukumu chembechembe nyeupe zote kwa hilo. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake huko Paris walihesabu aina nyingine, limfosaiti T, ndani ya uvimbe wa utumbo mpana, wakakuta kwamba wingi wake na mahali zilipo vilitabiri maisha ya mgonjwa vizuri kuliko hatua ya ugonjwa iliyopimwa kwa ukubwa na kuenea kwa uvimbe. Dawa za kuifungulia kinga breki, zilizowapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, zinafanya kazi kwenye seli hizohizo. Haziigusi seli ya saratani hata kidogo.

Mfupa ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa hapo udongo umeeleweka mpaka ukatibiwa. Mfupa wa mtu hai haukai kimya. Kuna seli zinazoumung'unya na nyingine zinazoujenga upya, na zote zinasikilizana. Seli ya saratani ya titi ikifika kwenye uboho inatoa protini inayowafanya wajenzi wawaite wavunjaji. Wavunjaji wanamung'unya mfupa. Ndani ya mfupa kulikuwa kumehifadhiwa protini za ukuaji, na mfupa unapovunjika zinamwagika, zinailisha seli ya saratani, nayo inazidi kuwaita wavunjaji. Mgonjwa anahisi maumivu ya mgongo usiku, au paja linavunjika kwa kujikwaa kidogo. Gregory Mundy ndiye aliyetumia miaka mingi kuufafanua mzunguko huu.

Dawa za kundi la bisfosfoneti, kama asidi ya zoledroniki, hujishika kwenye mfupa na kuwalegeza wavunjaji. Hutolewa pia kwa udhaifu wa mifupa wa uzeeni. Mwaka 2015 Lancet ilichapisha uchambuzi wa majaribio yaliyohusisha zaidi ya wanawake 18,000 wenye saratani ya titi iliyokuwa bado haijasambaa. Kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, dawa hizi zilipunguza kurudi kwa saratani kwenye mifupa na zilipunguza vifo. Kwa waliokuwa bado wanapata hedhi hazikuleta faida inayoonekana. Saratani ilikuwa ya titi katika makundi yote mawili. Kinachodhaniwa kuleta tofauti ni mfupa, ambao baada ya hedhi kukoma humung'unywa kwa kasi zaidi. Sijui ushahidi mwingine kwa binadamu unaomthibitisha Paget kwa uwazi wa namna hii.

Kuna seli zinazofika na kulala. Hili linawasumbua sana wagonjwa waliopona, na wana haki ya kulijua. Huko Scotland, mwaka 1982, mtu mmoja alifanyiwa upasuaji wa melanoma ya ngozi, akapona. Alifuatiliwa na madaktari kwa miaka mingi, akaonekana mzima. Miaka 16 baada ya upasuaji alikufa kwa damu kuvuja kichwani, na figo zake zikapandikizwa kwa wagonjwa wawili. Wote wawili walipata melanoma, na chanzo chake kilikuwa yeye. Tafakarini maana yake. Kwa miaka yote hiyo mwenye mwili alikuwa na seli za saratani kwenye figo zake na hazikumdhuru. Kinga yake ilikuwa imezibana. Zilipohamia kwa watu waliokuwa wakinywa dawa za kudhoofisha kinga ili wasiikatae figo, zikaamka. Kwa sababu hiyo watu waliowahi kuwa na melanoma kwa kawaida hawakubaliwi kutoa viungo.

Jambo hilihili limetukia mbele ya macho yetu wenyewe Afrika Mashariki, kwa maelfu ya watu, na nasikitika kwamba hatujalitumia kufundishia inavyostahili. Nasema juu ya sarkoma ya Kaposi, ile saratani ya madoa meusi au ya zambarau kwenye miguu, mdomoni na wakati mwingine mapafuni. Moritz Kaposi aliielezea huko Vienna mwaka 1872. Katika nchi zetu ilijulikana kabla ya UKIMWI, na mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuijadili. Kirusi kinachoisababisha kiligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Watu wengi sana katika ukanda wetu wanacho kirusi hicho maisha yao yote, na walio wengi hawapati ugonjwa. VVU vilipoingia na kuziangusha kinga za watu, saratani iliyokuwa ya wachache ikawa ya watu wengi, vijana na watoto wakiwemo.

Kisha zikaja dawa za ARV. Dawa hizo hazikutengenezwa kuua seli za saratani wala kirusi cha Kaposi. Lakini mgonjwa ambaye sarkoma yake haijakomaa, akinywa ARV vizuri, mara nyingi madoa hupungua na mengine hufutika, kadiri kinga yake inavyorudi. Aliyekwisha vimba miguu, au ambaye ugonjwa umeingia mapafuni, anahitaji tibakemia pamoja na ARV, na asicheleweshwe. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walieleza habari ya wagonjwa waliopandikizwa figo wakapata sarkoma hiyo. Walipobadilishiwa dawa ya kudhoofisha kinga wakapewa nyingine, sirolimus, madoa yakaondoka na figo zikabaki salama. Kila muuguzi wa kliniki ya VVU katika nchi hii ambaye amemwona mgonjwa akipona madoa yake ameona kwa macho yake kile ambacho maabara kubwa za dunia zinakitafuta kwa gharama: uvimbe unaosinyaa kwa sababu mwili unaouzunguka umepata nafuu.

Pamoja na hayo, asiondoke mtu hapa akidhani kazi ni nyepesi, kwamba ukishaharibu udongo mmea unakauka. Tulijaribu. Miaka ya 1990 zilitengenezwa dawa za kuzuia vimeng'enya ambavyo seli za saratani hutumia kukata nyuzi na kujipenyeza. Kwa panya zilitia moyo. Kwa binadamu zilishindwa, zikaacha wagonjwa na maumivu ya viungo. Kisha ikaja saratani ya kongosho, ambayo uvimbe wake umezingirwa na tishu nene ngumu. Ilionekana wazi kwamba tishu hiyo inaizuia dawa isifike, basi ikatengenezwa dawa ya kuiyeyusha. Mwaka 2012 jaribio mojawapo lilisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa hiyo hali zao zilikuwa mbaya kuliko wasiopewa. Miaka miwili baadaye vikundi viwili vya watafiti vilieleza sababu kwa panya: tishu ile ilikuwa pia inauzuia uvimbe, na ilipoondolewa saratani ikawa kali zaidi. Siku hizi watafiti wengi wanajaribu kuirudisha fibroblasti kwenye tabia yake ya awali, badala ya kuiangamiza. Naamini hiyo ndiyo njia, ingawa itachukua muda.

Wakati tunaingojea, kuna mambo ambayo hospitali zetu zinaweza kuyafanya sasa. Kila mwenye saratani apimwe VVU, na akikutwa navyo aanzishiwe ARV pamoja na tiba ya saratani, asizungushwe kati ya kliniki mbili. Kanda ya Ziwa, ambako kichocho cha kibofu huwafanya watu wakojoe damu tangu utotoni, kichocho hicho kitibiwe kwa watoto, kwa sababu mwako wa miaka mingi ukutani mwa kibofu huandaa mahali pa saratani.

Na kuna sigara. Mara kwa mara nakutana na mgonjwa aliyekwisha ambiwa ana saratani, na ndugu zake wamemwambia aendelee tu kuvuta, kwa kuwa ugonjwa umeshampata na madhara yamekwisha. Mwaka 2018 maabara ya Mikala Egeblad, jimbo la New York, iliwavutisha panya moshi wa tumbaku wakati mapafuni mwao kulikuwa na seli za saratani zilizolala. Moshi uliwasha mapafu. Aina moja ya chembechembe nyeupe ikatandaza nyavu zake. Vimeng'enya vilivyonaswa kwenye nyavu hizo vikaikata protini iliyozizunguka seli zilizolala, na zikaamka zikaanza kugawanyika. Na kwa binadamu, wagonjwa wa saratani ya mapafu walioacha kuvuta baada ya kugundulika na ugonjwa wameonekana kuishi muda mrefu kuliko walioendelea. Mgonjwa huyo aambiwe aache leo, na ndugu anayevuta ndani ya chumba anacholala aambiwe vilevile.